Kidole Ndani ya Bomba

Katika mwaka wangu wa pili chuoni nilifanya mitihani kumi na miwili, na nyote mnajua jinsi mitihani inavyosahaulika. Mtihani ambao sijausahau niliufanyia Tororo, likizo ya Agosti, chini ya mwembe ulioko nyuma ya gereji. Msahihishaji alikuwa fundi mzee mwenye ovaroli iliyokwisha rangi. Alilegeza klipu moja, akavuta bomba la mpira kutoka kwenye injini ya gari la kaka yangu, akaingiza kidole cha shahada ndani, akakizungusha taratibu na kukitoa. Kidole kilitoka chekundu, kama cha mtu aliyefinyanga chungu. Hakusema neno. Alikiinua tu ili sote watatu tukione: kaka, mama na mimi. Mimi peke yangu ndiye niliyejua kwamba vumbi lile nilikuwa nimelilipia shilingi 2,800.

Naomba nieleze tangu mwanzo. Sisi ni watu wa mpakani. Mama anaishi Busia upande wa Kenya na huuza omena. Kaka yangu mkubwa alipata kazi Tororo, akahamia upande wa Uganda na kujenga nyumba ya vyumba viwili, kilomita nne kutoka lami. Kila siku ya gulio mama huvuka mpaka kwa miguu, magunia yake yakifuata kwa baiskeli, naye kaka humngojea ng'ambo na gari ili wapeleke mzigo sokoni. Gari lenyewe ni Toyota Starlet Glanza ya mwaka 1997, kitu kidogo chenye milango mitatu. Kwa nje unaweza kulidhania gari la mwalimu mstaafu. Ndani lina injini ya sentimita za ujazo 1,331, na injini hiyo ina turbo.

Kwa wenzangu wa Kiswahili ambao hawajawahi kufungua boneti, turbo ni feni mbili zilizo kwenye ekseli moja. Moshi unaotoka kwenye injini huzungusha feni ya kwanza, nayo ya pili huvuta hewa na kuisukumiza kwenye silinda kwa nguvu. Hewa ikizidi, mafuta mengi zaidi huweza kuchomwa, na injini ndogo hufanya kazi ya injini kubwa. Mswisi Alfred Büchi ndiye aliyelisajili wazo hilo mwaka 1905. Mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss alipandisha injini ya ndege juu ya mlima Pikes Peak, zaidi ya mita 4,300, kuonyesha kwamba turbo huirudishia injini pumzi inayopotea mahali penye hewa nyembamba. Sisi hatuko juu kiasi hicho, lakini Tororo iko yapata mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake imepungukiwa na zaidi ya sehemu moja ya kumi ukiilinganisha na ya Mombasa. Ndiyo maana kaka hulisifu sana gari lake. Likipakiwa omena na watu watatu, hupanda mlima pale ambapo magari mengine ya umri wake hulia.

Januari ya mwaka ule, boksi la eakilina la gari hilo lilipasuka. Darasani tulifundishwa kuliita boksi la kichujio cha hewa, na kwenye mtihani andikeni hivyo. Mpakani ukisema kichujio utapewa cha chai. Mfuniko ulikuwa umevunjika ndimi mbili, kaka akaufunga kwa waya, waya ukakatika. Vipuri vya gari kama lile havipatikani kila duka. Starlet zenyewe haziji tena: tangu mwaka 2018 Uganda imezuia kuingizwa kwa magari yaliyozidi umri wa miaka 15, kwa hiyo zilizopo ndizo zilizobaki. Kaka akanipigia simu chuoni Nairobi.

"Mdogo wangu, nakutumia elfu tisa za Kenya. Nenda Kirinyaga Road ukatafute eakilina iliyo bora. Wewe ndiye umesoma, mimi sitachagua."

Sentensi hiyo ya mwisho nimeirudia kichwani mara nyingi. Sitachagua. Maana yake ni kwamba macho yangu yangekuwa macho yake.

Kirinyaga Road, ambako wazee bado wanakuita Grogan, ni mahali ambapo gari lolote laweza kukutwa likiwa limelazwa vipande vipande kwenye rafu. Baada ya kuulizia katika maduka matano nilipata muuzaji aliyekuwa na vitu vitatu. Cha kwanza kilikuwa boksi zima la plastiki, kuukuu, lililoshuka na injini kutoka Japani, pamoja na kichujio kipya cha karatasi: shilingi 5,500. Cha pili kilikuwa kichujio cha koni cha kampuni inayojulikana, cha pamba iliyopakwa mafuta, unachokiosha na kukitumia tena: shilingi 11,000. Cha tatu kilikuwa koni pia, nyekundu, inayong'aa, isiyo na jina la aliyeitengeneza: shilingi 2,800. Koni haihitaji boksi. Unaifunga moja kwa moja kwenye mdomo wa bomba, ikae wazi chini ya boneti kama ua.

Nilikuwa nimejiandaa. Usiku uliotangulia nilitazama video nyingi za vijana wa nchi za mbali wakisifu koni. Nilijua kusema kwamba boksi la kiwandani huibana injini, kwamba koni ina eneo kubwa la kupitishia hewa, na kwamba turbo hupenda kuvuta bila kuzuiwa. Hoja hizo zote zina ukweli ndani yake. Nilizipanga vizuri kama tunavyopanga hoja za insha, utangulizi, mwili na hitimisho, na hitimisho lilikuwa koni nyekundu ya shilingi 2,800. Nikamwambia kaka kwamba nimepata koni nzuri kwa shilingi 8,500, na kwamba mia tano zilizobaki nimelipia kifurushi kwenye basi. Shilingi 5,700 zilinunua viatu na kioo kipya cha simu yangu.

Kaka alipoifunga alinitumia ujumbe wa sauti. Haukuwa na maneno. Ulikuwa na sauti ya turbo tu: suuuu, halafu pshh alipoachilia mafuta, halafu kicheko chake. Ndani ya boksi la plastiki sauti hiyo humezwa. Koni huiacha wazi, na dereva huamini kwamba gari limepata nguvu mpya kwa sababu anaisikia. Vijana wa bodaboda wa Tororo walianza kulitambua gari lake kabla halijatokea. Nilifurahi. Niliona uongo wangu umezaa kitu kizuri, na nikajisamehe.

Likizo ya Aprili niliketi kwenye kiti cha mbele, na hapo nikaona jambo la kwanza ambalo hoja zangu hazikulitaja. Saa nane mchana tulinaswa karibu na kituo cha mpakani, nyuma ya malori yaliyokuwa yakingoja zamu, injini ikinguruma na jua likiwaka. Tulipopata njia, kaka akakanyaga mafuta. Sauti ilikuwepo. Gari halikuwepo. Lilijivuta kwa muda mrefu kabla ya kuchangamka.

"Leo limelala," kaka akasema.

Halikuwa limelala. Boksi la kiwandani huvuta hewa kupitia mdomo mrefu unaoelekea pembeni, karibu na madigadi, ambako hewa ni ya nje. Koni yetu ilikuwa imekaa wazi chini ya boneti, jirani na turbo yenyewe, ikivuta hewa ambayo injini ilikuwa imekwisha kuipasha moto. Hewa ya nyuzi 60 ni nyepesi kwa karibu asilimia 9 kuliko hewa ya nyuzi 30. Ni kweli kwamba gari lile lina intakula, kipoza hewa kilicho juu ya injini chini ya tundu la boneti. Lakini intakula inayopelekewa hewa ya moto ni kama mtu anayeteka maji kwa kikapu. Kwa hiyo kile nilichokiuza kwa kaka kama nguvu kilikuwa kinampunguzia nguvu wakati anaihitaji zaidi. Nilielewa hivyo Aprili, nikanyamaza. Kusema kungefungua mlango wa swali kuhusu bei.

Jambo la pili lilikuja polepole. Mei, kaka alisema gari limeanza kunywa oili. Juni akanunua lita moja kila baada ya wiki mbili. Julai moshi wa samawati ulianza kuonekana kila asubuhi alipoliwasha, na mwenye nyumba ya jirani akamtania kwamba anafukuza mbu. Agosti, siku ya gulio, nikiwa nyumbani kwa likizo, tulikuwa tumepita Busitema kuelekea Tororo na magunia matatu ya omena ya mama. Gari likaishiwa nguvu mlimani. Moshi ulitufunika hadi dereva wa lori aliyekuwa nyuma akasimama kutuuliza kama tunaungua. Tulivutwa kwa kamba hadi gereji, na omena zikafika sokoni saa kumi, wanunuzi wakiwa wameondoka.

Ndipo likaja suala la kidole.

Baada ya kutuonyesha, fundi aliitoa koni nyekundu akaiinua kuelekea juani. Alinivuta karibu. "Tazama hapa, mwanangu. Unaona nini?" Niliona nyota. Mwanga ulipenya kwenye vitundu vidogo vingi katikati ya mikunjo, hasa pale ambapo kitambaa kiligusana na ukingo wa plastiki. Kisha akanionyesha shingo. Ilikuwa pana kuliko bomba la gari, na ndani ya kifurushi mlikuwa na mpira wa kuzibia tofauti hiyo. Kwa mtikisiko wa barabara ya kwa kaka, mpira ulikuwa umesogea, ukaacha ufa unaoweza kupitisha ukucha. Tangu shule ya msingi nimeandika kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Sijui ni insha ngapi nimepambia maneno hayo. Siku hiyo nilikutana na ufa wenyewe.

Fundi alitufanyia hesabu ambayo baadaye niliirudia mwenyewe kwenye karatasi. Injini ya lita 1.3 yenye mapigo manne hujaza silinda zake zote mara moja kila inapozunguka mara mbili. Ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, hupokea zaidi ya lita 3,000 za hewa katika dakika hiyo, na turbo ikisukuma huongezeka. Katika barabara ya vumbi, nyuma ya lori, kila lita ina kitu ndani yake. Vumbi letu jekundu lina chembe ngumu za mchanga, na chembe hizo zikichanganyika na oili hugeuka msasa. Husugua kuta za silinda na ringi za pistoni hadi oili ipate njia ya kupanda na kuungua. Huo ndio moshi wa samawati. Kabla ya hapo hupita kwenye turbo, ambayo feni yake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Kwa kasi hiyo hata punje ndogo ni risasi. Ncha za feni yetu, ambazo zinapaswa kuwa kali, zilikuwa zimelika na kuviringana kama meno ya ng'ombe mzee.

Matengenezo yalizidi shilingi milioni moja na nusu za Uganda: ringi, gasketi, turbo iliyotumika, na ufundi. Kaka alikuwa na nusu. Nusu nyingine ilitoka kwa mama. Alifungua kitambaa kiunoni akatoa pesa za mzigo wa mwezi uliofuata, na mwezi uliofuata hakuuza omena. Mimi nilikuwa nimevaa vile viatu.

Safari hii nilichagua nikiwa nimesoma kweli, na nimeona niandike nilichopata, kwa maana huenda kuna mwenzangu mwenye ndugu anayemwamini. Swali la kwanza si kichujio kinapitisha hewa kiasi gani. Karibu kila kichujio kipya kinachofaa gari hupitisha hewa ya kutosha kwa injini ambayo haijaongezewa nguvu. Swali la kwanza ni kinazuia nini, la pili ni kinavuta kutoka wapi, na la tatu ni kimezibwaje. Karatasi nzuri huzuia vumbi laini sana, na hata ikianza kuchafuka huzidi kuzuia, kwa sababu vumbi lililonaswa nalo hugeuka chujio, hadi itakapoziba na kulazimu kubadilishwa. Pamba ya mafuta ya kampuni yenye jina si kitu kibaya, ila inadai nidhamu: kuoshwa, kukaushwa na kupakwa mafuta kwa kipimo. Mafuta yakipungua vumbi hupita. Yakizidi huvutwa ndani, na katika magari yenye kihisio cha kupima hewa inayoingia huweza kukichafua. Na koni yoyote, hata ya bei gani, ikiachwa wazi chini ya boneti huvuta joto, isipokuwa ukiijengea kizuizi na kuiletea bomba la hewa ya nje. Kwa maneno mengine, isipokuwa ukiijengea boksi.

Fundi ndiye aliyenikumbusha Patrick Njiru. Katika Safari Rally ya mwaka 1993, Mkenya huyo aliendesha Subaru Vivio, gari la injini ya sentimita za ujazo 660 tu, iliyosukumiwa hewa na kompresa, akamaliza mashindano yaliyowashinda wenye magari makubwa na kuongoza katika daraja lake. "Unafikiri ilimaliza kwa sababu ya kelele?" fundi aliniuliza. Tazameni picha za magari ya Safari ya miaka ile mtaona mengi yamefungwa bomba la kuvutia hewa lililopandishwa kando ya kioo cha mbele, juu ya maji na juu ya vumbi zito. Watu waliokuja kushindania sekunde walikubali kufunga bomba lile la kuchekesha, kwa sababu walijua wanakoenda.

Kwa hiyo nilirudi Kirinyaga Road. Boksi la shilingi 5,500 lilikuwa limekwisha kuuzwa, nikapata jingine kwa 6,500, pamoja na karatasi mpya mbili. Fundi alipaka grisi nyembamba ukingoni mwa kichujio, akarudisha mdomo wa bomba upande wa madigadi na kubadilisha klipu zote. Sauti ya suuuu ikatoweka. Vijana wa bodaboda waliuliza kama gari limeuzwa.

Jioni hiyo, nikiwa na kaka nje ya nyumba yake, Mwamba wa Tororo ukiwa umeanza kugeuka kivuli, nilimwambia habari za shilingi 5,700. Nilitarajia hasira, nikawa nimejiandalia majibu. Alinyamaza, kisha akauliza swali moja.

"Uliponunua, ulijua ni mbovu?"

"Sikujua."

"Ulimwuliza muuzaji?"

Hapo majibu yangu yote yaliniishia. Sikuuliza. Sikuiinua juani wala sikupima shingo yake, na sikuuliza kwa sababu jibu lingeweza kunilazimisha kununua lile boksi. Zile hoja za eneo la kupitishia hewa sikuzitafuta ili kuchagua. Nilikuwa nimekwisha kuchagua, kwa kipimo cha pesa zitakazobaki mfukoni mwangu, na hoja nilizitafuta baadaye ili ziuvishe uchaguzi huo nguo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kaka alikuwa akitafuta vumbi barabarani, na vumbi lilitoka kwa mdogo wake.

"Basi mwambie mama mwenyewe," alisema, akaingia ndani.

Nilimwambia mama asubuhi, tukivuka mpaka kwa miguu. Alitembea hatua nyingi bila kunijibu. Tulipofika ng'ambo aliniuliza bei ya viatu, nikamtajia. Akasema, "Ni vizuri. Uvivae hadi viishe." Sijawahi kupewa adhabu ndefu kama hiyo, kwa sababu ni viatu imara.

Tangu wakati huo nimekuwa nikichapa kazi za wanafunzi wenzangu kwa malipo, na nimerudisha 5,700 kwa kaka. Fedha za mama za mwezi ule bado nazilipa kidogo kidogo. Baadhi yenu mmechangia bila kujua. Na kila ninapofika Tororo likizo, kabla ya chai, naomba bisibisi. Nalegeza klipu, navuta bomba, naingiza kidole na kukizungusha. Kaka husimama kando na kikombe chake, hasemi neno. Aprili iliyopita nilikitoa nikakifutia kwenye shati langu jeupe, tukalitazama shati pamoja. Kisha nikafunga klipu, tukaenda kumpokea mama.